Udongo Mpya Kando ya Babu

Kenyamonta,
Wilaya ya Serengeti,
Mara.

8 Februari 2026

Mpendwa Baba Mkubwa Olima,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umekaa kwenye kiti chako cha kamba pale barazani, mguu mbovu ukiwa juu ya kigoda, ukibishana na redio. Goti linaendeleaje? Shangazi Felistas anasema ulipewa dawa ya kuchua, ila unawapa majirani waijaribu kwanza. Na macho ya Mama Mkubwa je? Yule ng'ombe wenu mwenye pembe moja bado anafungua mlango wa jiko mwenyewe?

Mimi mwili ni mzima. Huku Kenyamonta ni vumbi na joto. Mvua za masika bado, na watu wanayatazama mawingu ya upande wa ziwa bila kuyaamini. Nami siku hizi nimekuwa hivyo hivyo kwa mambo mengi, kama utakavyoona.

Kazi ya kufundisha inaendelea. Wanafunzi wangu wa fizikia ni wengi kuliko madawati, lakini ni wasikivu, na mmoja ameniambia anataka kuwa injinia wa umeme kwa sababu mama yake amechoka na moshi. Nilimpenda kwa sababu hiyo moja tu.

Wazazi kule Nyangoto ni wazima. Baba bado ana duka lake la bati, mbao na misumari. Mama bado analima na bado anagombana na kuku wa jirani. Kuhusu ndugu yangu Joel, hatujasikia lolote. Nalisema hili mapema ili usilitafute kati ya mistari. Tangu alipoondoka kwenda kwenye rashi, mbio za dhahabu mpya, upande wa Chunya, tuliyoyasikia ni yale yale: duara, lile shimo la kuchimbia, liliporomoka, wengine walitolewa, wengine hawakutolewa, na hakuna aliyeandika majina.

Utashangaa kwa nini naandika kwa mkono wakati simu zipo. Simu zetu zimejaa watu. Nikimpigia Baba, rafiki yake Mseti yuko pembeni anasikiliza. Nikiandika kwenye kundi la ukoo, mwanao Okello anafuta. Nawe, nisamehe kwa kusema hivi, umeacha kupokea simu zangu tangu Krismasi. Kwa hiyo nimempa Shangazi Felistas barua hii, maana anapita Sirari kwenda kuchukua dagaa huko kwenu, na nimemwomba asiondoke mpaka umesoma. Naandika Kiswahili kwa sababu unakijua tangu miaka yako ya biashara Tarime, na kwa sababu Dholuo changu ni kile unachokicheka, cha kununulia samaki.

Nianze na hicho kinu.

Hapa shuleni habari za umeme wa nyuklia zilifika kwa redio ya ofisini. Walisema serikali yenu ya Kenya inataka kinu cha kwanza, kwamba mwanzoni palifikiriwa pwani, na kwamba sasa macho yamegeukia Siaya, ukingoni mwa ziwa. Serikali yetu nayo haijakaa kimya. Inazungumzia urani iliyoko kusini, na inasema siku moja na sisi tutawasha taa kwa atomu. Wanafunzi wakaniuliza kama ziwa litachemka samaki wakiwa ndani.

Niliwachorea ubaoni. Niliwaambia kinu cha nyuklia ni birika kubwa. Badala ya kuni kuna chembe zinazopasuka na kutoa joto, maji yanachemka, mvuke unazungusha pangaboi, pangaboi linazalisha umeme. Maji mengine yanapooza mashine na kurudi ziwani yakiwa na uvuguvugu. Kinachobaki kwenye kuni zile ni majivu yasiyopoa maisha yetu yote na ya wajukuu wetu, kwa hiyo lazima yawekwe mahali na mtu ayalinde. Walielewa haraka. Mmoja akauliza, "Madamu, na huyo mlinzi akifa?" Kengele ikanikomboa.

Atomu yenyewe siiogopi, Baba Mkubwa. Nimeisoma, ina kanuni zake na inazifuata. Ninaowaogopa ni wanaokuja wakitabasamu na kamba ya kupimia. Nilikulia Nyangoto, kando ya mgodi wa dhahabu. Neno "kushirikishwa" nalijua tangu sijaota meno ya ukubwani. Lilikuwa linakuja na gari, linakaa kivulini kidogo, linagawa soda, linaondoka na sahihi. Usiku taa za mgodini zilimulika ukuta wetu wa nje, na ndani mimi nilisoma kwa koroboi. Kwa hiyo mtu akiniambia umeme mwingi unakuja jirani yangu, swali langu la kwanza ni utapita juu ya paa la nani ukielekea kwa nani.

Sisemi kinu ni kibaya. Huenda ni kizuri. Nchi zetu zina giza na viwanda vinasimama. Nauliza tu, kama jambo lilikuwa jema hivyo, kwa nini watu wa pwani walilikataa, na kwa nini nyinyi mmeambiwa mna bahati? Nani atakayewaeleza, kwa Dholuo, majivu yale yatalazwa wapi? Nikivuka Mto Mara kwenda nyumbani naangalia maji yakishuka kuelekea ziwani na nafikiri, haya nayo yanakuja kwenu, na hayakuulizwa.

Lakini kinu hakikunikalisha kwenye meza hii. Ni picha.

Okello alipata kibarua cha kuwaonyesha wapimaji mipaka ya mashamba. Hilo unalijua kuliko mimi, ni mwanao. Mwezi uliopita aliweka picha kwenye kundi la ukoo, amevaa kizibao cha njano kinachong'aa, na ameandika, "Nyuklia ndio hii, watu wangu." Amesimama ndani ya boma lako, kando ya kaburi la Babu. Nyuma yake kuna kigingi chenye namba nyekundu. Niliikuza picha nione namba. Nikaona lile la Babu, lenye saruji. Nikaona la Bibi pembeni yake, lenye maua yaliyokauka. Kisha nikaona tuta la tatu.

Boma lako nalifahamu. Nimefagia pale kila likizo ya utoto wangu. Makaburi ni mawili. Lile la tatu udongo wake ulikuwa mwekundu na mbichi, urefu wake kama wa mtu.

Nilikwenda kuchukua miwani, niliporudi picha ilikuwa imefutwa.

Nikampigia Okello. Akacheka. "Zii, Vivi, hiyo ni mchanga ya choo tu."

"Choo mnachimba kando ya Babu?"

Nilisikia kuku wenu. Kisha akasema, "Uliza mzee wako," na simu ikakatika.

Wewe ulihama Tarime kabla tegesha haijashika moto, kwa hiyo huenda umeisikia tu kwa watu. Acha nikueleze nilivyoiona. Ikivuma kwamba mgodi utapanuka, kabla mthamini hajafika, watu wanategesha. Nyumba inainuliwa upesi upesi, milango mingi, haina dirisha, haina choo, haina alama ya moshi. Kando yake inapandwa michungwa iliyobanana kama wanafunzi wangu. Hakuna anayelala humo. Inamngojea mthamini wa fidia. Baba aliuza bati za nyumba hizo, na Joel alikuwa fundi wa kuzipigilia. Alikuwa hodari, akipanda juu ya paa alikuwa anaimba. Kile kidole gumba chake cha kushoto chenye kovu alikipondea kwenye nyumba ambayo mpaka leo hajaingia mtu.

Wachache walifidiwa. Wengi hawakuingizwa kwenye orodha, kwa sababu waliambiwa eneo lilishapigwa picha kutoka juu kabla nyumba hazijaota. Joel hakulalamika. Alisema tu kwamba amechoka kujengea hewa, anakwenda kuchimba kitu kinachoshikika. Ndipo akaenda Chunya. Nyumba zile bado zipo. Mbuzi wanajikinga mvua humo.

Jumamosi ileile ya picha nilikwenda Nyangoto. Nilifika dukani mlango wa nyuma, nao hawakuniona. Mseti alikuwa amekalia rundo la mbao, Baba ameshika simu, na kutoka kwenye simu nikasikia sauti ya Okello: "Baba mdogo, kujeni mbio. Hawa wakimaliza kuhesabu makaburi hakuna kuongeza ingine."

"Rudisha hapo," Mseti akasema. Baba akarudisha. Mseti akapiga paja. "Jaluo, ndugu zako wa ng'ambo ni wasomi wa vitabu, lakini kwa tegesha ni chekechea! Wanamngoja mthamini kama wanamngoja askofu."

"Ndiyo maana wametuita," Baba akasema.

"Na kaburi wanalihesabu kweli?"

"Wanalihesabu. Kuhamisha kaburi si mchezo, mura. Kuna mila zake."

"Basi mimi nawapeleka babu zangu wote. Wakurya watalala Ujaluoni, wavumilie tu harufu ya dagaa."

Wakacheka wote wawili, na Baba alicheka kwa muda mrefu, kicheko cha mtu aliyesahau kwa dakika moja jambo lililokuwa linamuuma. Kisha akaniona.

"Karibu, mwalimu," Mseti akasema, akijisogeza. "Tunajadili maendeleo."

Nilikuwa natazama nyuma ya mlango. Unakumbuka nilikwambia kwamba nyundo ya Joel inaning'inia pale, na Mama hamruhusu mtu hata kuiazima? Haikuwapo. Msumari ulikuwa mtupu, na ukutani imebaki alama ya nyundo, nyeupe.

"Nyundo iko wapi, Baba?"

"Nimeishusha niipake mafuta."

"Na shati lake la mistari, nalo umelipaka mafuta?" Nililiona limekunjwa juu ya mfuko wa misumari, kamba tayari imezungushwa.

Mseti alitoka nje, akasema anakwenda kutazama pikipiki yake. Baba aliketi. Hakunikemea, na hilo lilinitisha kuliko kama angenikemea. Aliniambia kwa Dholuo, polepole ili nielewe, kwamba mtoto wa mtu hawezi kukaa hewani. Lazima alazwe nyumbani. Mwili usipopatikana, yago, lile tunda linalozikwa badala ya mtu, lipo kwa ajili hiyo, na nyundo na shati vitakwenda nalo.

"Kwa nini sasa? Miaka yote Mama alipokataa ulinyamaza. Kwa nini mwezi huu wa vigingi?"

"Kwa sababu wakishajenga kinu," akasema, "hatutakuwa na nyumbani pa kumlaza."

Nilimtazama sana, Baba Mkubwa, unajua ninavyotazama watu mpaka waudhike. Sikuona uongo. Niliona mzee aliyechoka ambaye mwanawe hajulikani alipo. Lakini kupitia mlango nilimwona Mseti akihesabu mbao zinazokwenda Siaya, na juu ya rundo lile hapakuwa na mbao za jeneza. Zilikuwa mbao za kuezekea, na bati, na kwenye gunia miche ya michungwa.

Tangu siku hiyo nimekaa na jambo hili kama mtu aliyemeza mfupa. Baba anaomboleza, na Baba anategesha. Yote mawili yako ndani ya gunia moja, na nadhani yeye mwenyewe hajui lipi limelibeba lingine.

Nilikwenda shambani kwa Mama. Yeye ni Mkurya wa Kewanja, hakuzaliwa na yago, na kwa miaka yote ya ndoa ameheshimu mila zetu hata zile zinazomshangaza. Alikuwa anapepeta ulezi. Nilipomweleza hakuinua kichwa.

"Mwanangu si tunda," akasema. "Waambie hivyo Wajaluo wako."

"Mama, na mimi ni Mjaluo."

"Nusu. Hiyo nusu ndiyo uwaambie."

Aliendelea kupepeta, upepo ukichukua makapi. Kisha akauliza jambo ambalo nitakuandikia mwishoni, kwa sababu aliniagiza liwe la mwisho.

Sasa nakuuliza wewe, maana boma ni lako na jembe haliwezi kuingia pale bila wewe kujua. Chini ya tuta lile kuna nini?

Kama ni udongo mtupu, basi mlikuwa mnatengeneza mahali. Kama tayari kuna tunda, basi Joel amezikwa bila mama yake, bila mimi, na bila hata nyundo yake, ambayo ilikuwa bado Nyangoto inafungwa kamba. Nimejaribu kufikiri la tatu na sijalipata.

Wewe ndiye uliyenieleza nikiwa mtoto, tukitoka kuangalia nyavu, habari za yule mvuvi wa jirani zenu aliyepotea na dhoruba. Wakangoja, wakachoka, wakamzikia yago. Baadaye akatokea, amekonda, alikuwa amesukumwa mpaka visiwa vya mbali. Wakamsimamisha nje ya boma. Ulisema watoto wake walimwona na kumkimbilia, wazee wakawashika mikono, kwa sababu aliyezikwa haingii kwa lango kama mtoto wa nyumbani. Nilikuuliza kama alilia. Ulisema hukumbuki. Niliendelea kumfikiria mwaka mzima, amesimama pale nje, ananusa jiko lake mwenyewe.

Hilo ndilo ninaloliona nikifumba macho. Joel anatokea, amekonda, ana kovu lake la kidole, anataka kuingia, na sisi tumeshamfungia lango kwa ajili ya kigingi chenye namba.

Fikiria pia upande mwingine. Tuseme mambo yanakwenda kama Okello anavyotaka. Kaburi limehesabiwa, kinu kimeamuliwa, siku ya kuhamisha imefika. Watakuja na maofisa wa afya, na padri, na chifu, na majirani wote wamesimama. Watamfukua Babu, watamfukua Bibi, kwa heshima. Watafukua la tatu. Watakuta shati, nyundo na tunda lililooza. Wewe na Baba mtasema ni mila, na itakuwa kweli, lakini kizibao cha njano kitasema ni tegesha, na hiyo nayo itakuwa kweli. Nani ataamini machozi ya Baba baada ya hapo? Kila mwenye yago halali ukingoni mwa ziwa ataitwa mwongo kwa sababu yetu. Na wale wenye kinu watakuwa wamepata wanachokitaka, sababu ya kutosikiliza neno lolote linalotoka kwetu, hata swali la maji, hata swali la majivu. Huko Nyangoto niliona hivyo. Mtu mwenye nyumba moja ya uongo alipodai kisima chake cha kweli, walicheka.

Na hata kinu chenyewe bado ni maneno. Nimesoma kadiri nilivyoweza. Wanatakiwa kwanza wapime udongo, maji, mitetemeko, waandike, waandikiane, watafute fedha za nje. Inaweza kuchukua miaka mingi, na inaweza isitokee kabisa. Mnamzika kijana leo kwa ajili ya birika ambalo huenda halitawekwa motoni.

Nimejiuliza kama wewe ndiye uliyeshika jembe. Nimeikata sentensi hiyo na kuiandika tena, kwa sababu wewe ndiye uliyenipa vitabu vya kwanza, na ulipohamia huko ulikuwa unaniandikia barua na kuzikagua zangu kwa kalamu nyekundu. Nisingemshuku mtu mwingine kwa uchungu huu. Kama nimekosea, nikemee mbele ya watu wote na nitapiga magoti. Lakini hupokei simu.

Nami nina langu, nalo nalificha hata kwa Mama. Kuna upande wangu unaotaka tuta lile liwe la kweli. Nimechoka kuangalia mikono ya wanaume kwenye stendi ya Mugumu. Nimechoka kila namba ngeni ikipiga. Nyuma ya shule yetu kuna mti wa mwegea, ndio yago wenu, unaota karibu na kijito. Matunda yananing'inia kwa kamba zake ndefu, mazito, ya rangi ya kijivu. Mlinzi wetu, mzee Waisiko, ameniona nimesimama chini yake mara nyingi mpaka akaniuliza kama natafuta dawa. Nilimwambia ndiyo. Sijagusa hata moja. Ila nimeshachagua lipi, na hilo linanitia aibu.

Kwa hiyo ombi langu ni hili, na ni moja.

Ngojeni. Wenye kuhesabu makaburi waache wahesabu waliolala pale, Babu na Bibi. Wapige rangi, waandike, wapande magari yao. Wakishaondoka kabisa, siku ambayo kaburi la Joel halitamfaidia mtu yeyote chochote, siku hiyo mkiwa bado mnataka kumlaza, niite. Nitaamini mnaomboleza. Nitazungumza na Mama mimi mwenyewe, na akikubali tutakuja nimemshika mkono. Nitachuma yago lile nililolichagua, nitalibeba mwenyewe kutoka Kenyamonta, na nitalia kwa sauti kama mnavyolia nyinyi, ambayo sijawahi kuiweza. Kama boma litakuwa limehamishwa, tutamlaza kwenye boma jipya. Joel hakuwahi kuchagua mahali pa kulala.

Lakini kama mtakuwa mmeshapoteza hamu, basi sote tutajua tuta lile lilikuwa la nani.

Udongo ule usawazisheni. Shangazi Felistas ataangalia kwa macho yake kabla hajarudi, na unajua yeye hapindishi kitu, labda bei ya dagaa. Baba nimemwambia nakuandikia. Alisema, "Mwandikie." Mzigo bado uko dukani, hajaufungua na hajausafirisha. Nadhani naye anangoja jibu lako, akitumaini kaka yake atamwambia lililo sawa ili asilazimike kulisema yeye. Nyundo imerudi kwenye msumari. Sikuuliza nani aliirudisha.

Nisalimie sana Mama Mkubwa. Mwambie kitambaa cha meza nimekimaliza, Shangazi amekibeba, na kona moja nimeikosea makusudi ili aone kwamba nimekishona mimi. Msalimie Okello. Kizibao kimempendeza na sina kinyongo naye, maana angekuwa hana aibu asingefuta ile picha. Wasalimie wote wa dala, boma zima, pamoja na ng'ombe wa pembe moja. Mungu awalinde na awaache hapo mlipo, na kama ni lazima mhame, awahamishe pamoja, walio hai na waliolala.

La Mama ni hili. Ameniambia niliandike kama alivyolisema. Anasema Joel anajua njia za nyumba mbili tu duniani, ya Nyangoto na ya kwako. Nyangoto nako alama nyekundu za mgodi zimefika mtaa wa pili. Kwa hiyo, Shemeji, kama siku hiyo itafika na wewe utahamishwa, anakuomba umtafute yule atakayewekwa kulinda lango la kinu. Usimpe habari nyingi. Umwambie tu kwamba akitokea kijana mwenye kovu kwenye kidole gumba cha kushoto, anauliza boma la Olima, asimfukuze. Amwonyeshe tulikoelekea.

Ni mwanao, anayekupenda na anayengoja neno lako,

Vivian